Kitambaa cha Shangazi na Joto la Diski

Mwaka nilipofungua duka langu la kuchapa na kutoa nakala karibu na soko kuu la Tabora, shangazi yangu anayekaa Ipuli alinifumia kitambaa cheupe chenye maua ya waridi. Alikuja nacho mwenyewe, akakitandika juu ya meza, akakinyoosha pembe zake nne, kisha akaiweka kompyuta mpakato juu yake kama tunavyoweka redio au televisheni sebuleni. Nilimshukuru kwa dhati, na kwa miaka miwili na zaidi sikukiondoa pale mezani isipokuwa kwa kukifua. Sikuwahi kuigeuza kompyuta nikatazama tumbo lake. Ningeigeuza, ningeona kwamba matundu ambayo feni huvutia hewa yapo chini, na kwamba maua ya waridi yalikuwa yameyaziba yote.

Habari hii inaanza mwezi wa Oktoba, mwezi ambao mkazi wa Tabora hahitaji kuelezwa. Mvua hutarajiwa Novemba, na kabla haijafika majani ya miembe huwa yamebadilika rangi kwa vumbi, na mabati hulialia mchana yanapotanuka. Duka langu halina dari. Kipimajoto cha ukutani, ambacho nilikinunua kwa mzaha tu, kilikuwa kinasoma nyuzijoto 34 saa tisa alasiri, na feni iliyoning'inizwa juu ilikuwa inazungusha hewa ileile ya moto kutoka pembe moja kwenda nyingine. Kamati ya harusi ilikuwa imeniletea kazi ya kadi 300 za michango, kila kadi na jina la mwalikwa wake, na mwenyekiti wa kamati alikuwa ameketi kwenye benchi akizihesabu kadri zinavyotoka.

Kwenye kadi ya 140 hivi kompyuta iliduwaa. Haikuzima. Kishale kiligeuka kuwa kiduara kinachozunguka, taa ndogo ya diski, yaani kifaa cha ndani kinachotunza mafaili, ikawaka bila kupepesa, na mahali ninapolaza kiganja cha mkono wa kushoto pakawa pa moto kama kikombe cha chai iliyomiminwa sasa hivi. Ilichukua karibu dakika nne ndipo ikarudi kwenye kazi. Jioni, wateja walipokwisha, niliweka programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo, ambayo husoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe kwa mfumo wa SMART. Kumbukumbu hizo zina namba, na namba 194 ndiyo ya jotoridi. Yangu ilisoma 54, na hapo kazi ilikuwa imesimama kwa robo saa. Kesho yake alasiri, nikiwa nachapa, ilifika 58.

Kwa diski nyingi za kompyuta mpakato, mtengenezaji huruhusu zifanye kazi kati ya nyuzijoto 0 na 60. Nilikuwa nimebakiza nyuzi mbili.

Hapa naomba nitumie maneno mawili tuliyofundishwa kwenye fizikia na ambayo mtaani tunayachanganya: joto na jotoridi. Joto ni nishati yenyewe, na jotoridi ni kiwango kinachosomwa kwenye kipimajoto. Diski ya mpakato hutoa joto dogo mno. Ndani yake kuna sahani moja au mbili zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, nyingine mara 7,200, na mkono mwembamba unaobeba vichwa vya kusomea na kuandikia. Inaposoma au kuandika hutumia takriban wati 2, na inapozunguka bila kazi hutumia chini ya wati moja. Balbu ndogo ya kuokoa umeme hula zaidi ya hapo. Kwa nini basi jotoridi lake lipande kiasi kile? Kwa sababu haina feni yake wala mapezi ya shaba ya kutoa joto. Imelazwa katika kijumba chembamba, mara nyingi unene wa milimita 7 au 9.5, imefunikwa juu na chini, na majirani zake ndio wenye moto. Prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, kwangu ni ya zamani kidogo, nayo imeundwa kutoa hadi wati 35 za joto. Betri ikiwa inachajiwa nayo hutoa lake. Kwa hiyo diski ni kama mpangaji wa chumba cha nyuma kinachopakana na jiko la mama lishe: yeye hapiki, lakini analala ndani ya moshi.

Nilipolielewa hilo, niliona kwamba namba 58 ni jumla ya vitu vitatu, yaani joto la chumba, joto la majirani, na joto la kazi ya diski yenyewe, na kwamba sitaweza kuipunguza bila kujua kila kimoja kinachangia kiasi gani. Nilichukua daftari la kurasa 48 na kulipiga mistari. Kila siku saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri niliandika kipimo cha ukutani, kipimo cha diski, na kazi iliyokuwa inafanyika. Watu wengi hutazama namba ya diski peke yake, wakaogopa au wakatulia bila sababu. Namba 45 asubuhi ya Julai, wakati Tabora kuna baridi ya kuvalia sweta, ni mbaya kuliko namba 48 alasiri ya Oktoba, kwa kuwa kinachoeleza hali ya mashine ni tofauti kati ya diski na chumba. Tofauti yangu ilikuwa nyuzi 24. Hata ningehamia nyumba yenye kiyoyozi, nyuzi hizo 24 ningezibeba nikaenda nazo.

Kabla sijafika kwenye bisibisi, niseme kidogo joto linaifanyaje diski, maana kuna hofu nyingi na nyingine hazina msingi. Kichwa cha kusomea hakigusi sahani. Huelea juu ya hewa inayoburutwa na mzunguko, katika kimo cha nanometa chache, ilhali unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanometa. Mkono unaokibeba ni wa alumini. Jotoridi likipanda kwa nyuzi 20, mkono wa alumini wenye urefu wa sentimita 3 na nusu hurefuka kwa mikromita zipatazo 16, na njia moja ya data kwenye sahani za kisasa ina upana wa sehemu moja tu ya kumi ya mikromita, au hata chini ya hapo. Maana yake, kwa kupanda joto la mchana mmoja, mkono umesogea njia nyingi sana kutoka pale ulipokuwa asubuhi. Mkono haupotei kwa sababu sahani zenyewe zimeandikwa alama za kuongoza, na kichwa hujisahihisha kwa kuzisoma bila kukoma. Diski za zamani zilikuwa zinasimama kila baada ya muda ili zijipime upya kwa sababu ya kutanuka huku. Jambo lililonichekesha zaidi ni kwamba diski za kisasa zina jiko la umeme dogo mno ndani ya kichwa, ambalo hukipasha moto kwa makusudi ili ncha yake itanuke na kusogea karibu na sahani wakati wa kusoma. Joto ambalo mimi nalikimbia, wahandisi wanalitumia kama bisibisi.

Lakini joto lisilotakiwa lina gharama zake. Oili iliyomo kwenye beringi ya mhimili huwa nyepesi, utando mwembamba wa kilainishi juu ya sahani hupungua taratibu, na vipuri vya elektroniki huzeeka upesi. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000 za kampuni hiyo, na matokeo yao yaliwashangaza wengi: uhusiano kati ya jotoridi na kufa kwa diski ulikuwa dhaifu kuliko ilivyodhaniwa, na diski zilizokaa kwenye ubaridi zaidi hazikuwa salama zaidi. Madhara ya joto yalijitokeza waziwazi katika viwango vya juu kabisa, hasa kwa diski zilizovuka miaka mitatu. Kuna watu wanaoutaja uchunguzi huo kuthibitisha kwamba joto si hoja. Mimi nausoma kwa tahadhari, kwa sababu diski zile zilikaa kwenye majengo yenye kupoozwa, zimefungwa mahali pamoja, hakuna anayezibeba kwenye bodaboda, na wala hazikuwa chini ya bati la Tabora. Diski yangu ilikuwa na umri wa miaka mitano na ilikuwa kwenye viwango vya juu kabisa. Kundi lililoonekana kuumia ndilo nililokuwamo.

Hatua ya kwanza haikuhitaji fedha. Niliondoa kitambaa. Kwa fundi seremala nilipewa vipande viwili vya mninga vilivyobaki kwenye kazi ya kitanda, kila kimoja na unene wa sentimita 3, nikaviweka chini ya kompyuta, kimoja mbele na kimoja nyuma, ili katikati kubaki uwazi. Siku iliyofuata, chumba kikiwa 34 vilevile na kazi ni ileile ya kuchapa, diski ilisoma 52. Nyuzi sita kwa vipande vya mbao! Nilifurahi, lakini nilijiona mjinga pia kwa miaka ile miwili.

Hatua ya pili ilikuwa vumbi. Nilimpelekea kompyuta fundi kijana anayekaa kwenye kibanda upande wa pili wa soko, nikamwomba aifungue mbele yangu. Alitoa skrubu kumi na moja, akazipanga juu ya karatasi kwa mpangilio wa zilivyokaa, jambo ambalo kwangu ni kipimo cha fundi. Alipoinua kifuniko alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, feni haijafa, imezikwa." Kati ya feni na mapezi ya shaba kulikuwa na kitu kama blanketi dogo la kijivu, limeshikamana kiasi kwamba alilivuta kwa ncha ya bisibisi likatoka zima. Nililishika. Ndani ya vumbi jekundu la barabara zetu kulikuwa na nyuzi nyeupe nyingi, laini, ambazo sikuhitaji kuambiwa zimetoka wapi. Hewa iliyokuwa ikipita kwa shida kwenye kitambaa ilikuwa inanyofoa uzi wake na kuupeleka kwenye mapezi.

Kijana alitaka kuwasha blowa moja kwa moja. Nilimsihi aizuie kwanza feni kwa kijiti, kwa kuwa feni ikisukumwa na upepo mkali huzunguka kuliko kasi yake na beringi yake huweza kuharibika. Alicheka, akasema wateja wengi hawajui hilo, nikamwambia na mimi nililijua jana. Alifagia mapezi kwa brashi ya rangi isiyotumika, akafuta pesti ya kupitishia joto iliyokauka kama udongo juu ya prosesa, akapaka nyingine kiasi cha punje ya mchele. Diski yenyewe hatukuifungua, na mtu asiifungue kamwe, kwa maana punje moja ya vumbi kwenye sahani ni jiwe barabarani kwa kichwa kinachoelea nanometa chache. Hata kile kitundu kidogo kilicho kwenye kifuniko cha diski za aina hii hakizibwi kwa gundi wala kwa lebo, kwa kuwa ndicho kinachosawazisha mgandamizo wa hewa ya ndani na ya nje.

Baada ya usafi, alasiri ya nyuzi 34 ilinipa 48. Kumbuka kwamba hatukuigusa diski. Tulimtuliza jirani tu. Pengine niongeze kwamba Tabora iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Feni ya huku inafanya kazi kubwa kuliko mwenzake wa pwani hata kama kipimajoto kinasoma sawa. Ni tofauti ndogo, lakini kwa feni iliyozikwa haikuwa ndogo.

Hatua ya tatu ndiyo ninayoona watu wanaisahau, nayo ni kazi ya diski. Ile taa iliyowaka bila kupepesa siku ya kadi za harusi ilikuwa inasema jambo ambalo sikulisikia. Kompyuta yangu ilikuwa na ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa, ya gigabaiti 4. Nikifungua programu ya kuchapia, kivinjari chenye kurasa sita, na picha za kadi, ramu hujaa, na Windows huanza kuhamishia vilivyozidi kwenye faili maalumu lililo ndani ya diski, kisha kuvirudisha vinapohitajika. Mkono wa diski hukimbia huku na huko bila kupumzika, kama karani ambaye meza yake ni ndogo na kila faili analolitaka liko stoo. Uchovu ule wote hugeuka kuwa joto. Nilinunua kipande kingine cha gigabaiti 4 kwa fundi yuleyule, cha mtumba lakini kizima, nikakipachika. Vilevile nilihamisha ukaguzi wa antivairasi kutoka saa nane mchana, wakati ambao sijui nani aliupanga, ukawa saa moja na nusu asubuhi kabla ya wateja. Alasiri yenye nyuzi 34, diski ilisoma 44. Tofauti ya nyuzi 24 imebaki 10, na kompyuta imekuwa nyepesi kiasi kwamba mteja mmoja aliuliza kama nimenunua mpya.

Katika miezi ile nilipewa ushauri mwingi, na mwingine nililazimika kuukataa kwa heshima. Mzee mmoja jirani alinishauri niweke chupa ya maji ya barafu chini ya kompyuta. Ubaya wake ni jasho: kitu baridi kwenye hewa yenye unyevu, hasa mvua zikishaanza, huvuta matone ya maji, na matone hayo hayachagui pa kuingia. Kwa sababu hiyohiyo, anayetoka kwenye gari lenye kiyoyozi kikali aiache kompyuta yake ipate joto la chumba kabla hajaiwasha. Wengine hununua vile vitako vyenye feni mbili na taa za buluu. Vinasaidia pale feni zake zinapolingana na matundu ya kompyuta. Zisipolingana, umenunua taa.

Kuna pia ushauri wa kuiamuru diski ipumzike kila mara inapokosa kazi, vichwa vikunjwe na kuegeshwa pembeni. Diski hupoa kidogo kweli, lakini kuegesha nako kuna hesabu yake, ambayo SMART huiandika kwenye namba 193. Diski nyingi za mpakato hukadiriwa kuvumilia maegesho 600,000. Ikiegesha mara mbili kwa dakika kwa saa nane kwa siku, ni maegesho 960 kila siku, na ahadi yote inakwisha kabla ya miaka miwili kutimia. Nilipotazama yangu nikakuta 212,000, nikaiacha mipangilio kama ilivyokuwa.

Fundi alinishauri pia nihamie kwenye SSD, yaani diski inayotunza data kwenye chipu badala ya sahani, na kwa haki alikuwa sahihi. Haina kinachozunguka, nyingi za aina inayoingia kwenye nafasi ileile huruhusiwa kufika nyuzijoto 70, na haiogopi kugongwa. Nitaihamia fedha ikipatikana. Nisichokubaliana nacho ni kuifungia SSD yenye kumbukumbu muhimu kabatini miaka na miaka bila umeme, kwa kuwa chembe zake hupoteza chaji taratibu, na joto ndilo linaloharakisha upotevu huo. Kwa sasa nakala rudufu za kazi za wateja ziko kwenye diski ya nje, ambayo naiunganisha asubuhi tu, nusu saa, kungali na ubaridi.

Katika kumbukumbu za diski yangu kuna alama moja ambayo sitaweza kuifuta. Namba 5, inayohesabu sekta, yaani vipande vidogo vya sahani vinavyotunza data, zilizoharibika na kubadilishwa, inasoma 8. Siwezi kuapa kwamba ni joto lililozila. Nilishawahi kuiinua kompyuta ikiwa inafanya kazi na kuigonga kwenye ukingo wa meza. Lakini tangu Oktoba ile namba haijasogea, na kila Jumatatu naiandika kwenye daftari, ambalo sasa ni la pili.

Shangazi alikuja Februari kutoa nakala za cheti chake cha kliniki. Alipoketi aliitazama meza, akaitazama kompyuta iliyosimama juu ya mbao zake mbili, akauliza bila kunitazama usoni, "Na kile kitambaa changu, mwanangu?" Nilimwonyesha kiko chini ya printa, ambayo matundu yake yako mgongoni. Kisha nikaigeuza kompyuta iliyokuwa imezimwa, nikamwonyesha matundu ya tumboni, nikamweleza habari ya nyuzi nyeupe alizozitoa fundi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka mkono wake kati ya zile mbao mbili, akapima nafasi iliyo katikati kwa shibiri, akasema atafuma viwili vyembamba vya kuvisha mbao tu, nami nikamnunulie uzi mweusi, maana mweupe unaonyesha vumbi.